Kwelea wasiwe kisingizio cha kunasa kila ndege

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha hapa Dodoma.

Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na majuma yake ya mwanzo ndiyo niyapendayo kuliko yote, kwa sababu uani kwangu hujaa ndege. Kumbikumbi wakishatoka, mbayuwayu waliosafiri kutoka Ulaya hupita chini chini juu ya mabati wakiwadaka, huku mnana dume, ambaye wakati wa kiangazi humtambui, akigeuka manjano na kuanza kusuka kiota kwenye mgunga ulio nyuma ya choo. Kwenzi wa kijivu mwenye mkia mrefu, huja kudoea makombo ya ugali bila hata kuona haya.

Msimu huo huo ndio wa manati na nyavu. Mwaka huu vijana walitega wavu kando ya korongo lililo jirani na mtaa wetu, na nilipowauliza, walinijibu kwamba wananasa kwelea. Sina ugomvi na anayenasa kwelea. Ndege huyo ana uzito wa takriban gramu 20 tu, lakini kundi lake likitua kwenye mtama au uwele mkulima hubaki na mabua, na huko Kondoa watu wamewanasa kwa kitoweo kwa miaka mingi. Ila wavu hauchagui. Katika fungu nililoonyeshwa niliwaona tetere wawili na mnana mmoja, na pembeni, ndani ya tundu la fito, cherero wanne, yaani kasuku wadogo, waliokuwa wakingoja mnunuzi.

Cherero hao wenye kichwa cheusi na shingo ya manjano asili yao ni Tanzania pekee. Hutaga katika mashimo ya miti, mibuyu ikiwamo, na mibuyu yenyewe tunaikata kadiri viwanja vinavyopimwa. Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, hatua niliyoifurahia, lakini cherero anayeuzwa mtaani hapitii uwanja wa ndege. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ndege naye ni mnyamapori, na kumkamata bila kibali ni kosa.

Ninachoomba ni kwamba wanasaji wa kwelea wafahamike kwa viongozi wa vijiji na mitaa, watege kwenye malalo ya kwelea badala ya kando ya makazi, na ndege wengine wanaonasa waachiwe wakiwa hai. Kuhusu cherero, matundu yao huning'inizwa mchana kweupe kando ya barabara, kwa hiyo afisa anayetaka kuyaona hahitaji gari wala doria ya usiku.

Msomaji wako,
Ipagala, Dodoma