Taarifa ya kurasa mbili haihitaji kivinjari kizima

Mhariri,

Makala yenu iliwashauri waandishi wa programu wageuze HTML (lugha ya kurasa za wavuti) kuwa PDF kwa kivinjari cha Chrome kinachoendeshwa bila skrini. Si ushauri wa uongo: uwezo huo upo tangu 2017, na ukurasa hutoka karibu kama unavyoonekana kwenye kompyuta. Ila mimi ndiye ninayeamshwa usiku seva ikianguka.

Tulikuwa tukitoa taarifa za akaunti za wateja kila mwisho wa mwezi, na kila ombi lilifungua kivinjari kipya. Siku za kawaida hakuna aliyeona tatizo. Usiku wa tarehe 31 maombi yakamiminika, kumbukumbu ya seva (RAM) ikaisha, mfumo endeshi ukaanza kuua michakato mmoja baada ya mwingine, hata hifadhidata ikazimwa. Asubuhi nilikuta vivinjari visivyo na mwenyewe bado vimekalia kumbukumbu. Na zile PDF chache zilizotoka zilijaa visanduku vitupu mahali pa herufi, kwa kuwa seva haikuwa na fonti zilizokuwamo kwenye kompyuta ya mwandishi.

Na taarifa yenyewe ilikuwa nini? Jedwali, nembo na namba za kurasa, bila hata mstari mmoja wa JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari. Tukahamia WeasyPrint, maktaba ya Python isiyoendesha JavaScript kabisa lakini inayoijua vizuri CSS (kanuni za mwonekano wa ukurasa) ya kuchapa: vipimo vya karatasi vya @page, vichwa vya jedwali vinavyojirudia kila ukurasa. Tukaiweka nyuma ya foleni, kazi mbili tu kwa wakati mmoja. Jedwali likiwa refu sana huchelewa, nakubali. Seva haijaanguka tena.

Wanaoandika kwa lugha ya PHP wana maktaba za mPDF na Dompdf, ilimradi wasizidai flexbox, mtindo wa CSS wa kupanga vitu. Palipo na michoro inayochorwa na JavaScript, hapo kweli kivinjari kinahitajika. Basi kifunguliwe kimoja kihudumie maombi mengi, kiwekewe kikomo cha kumbukumbu, na ndani ya Docker, mfumo wa kuendesha programu kwenye makontena, ikumbukwe kuwa /dev/shm, yaani kumbukumbu ya pamoja ambayo Chrome huitumia, huanza na MB 64 tu.

Linaloniuma zaidi ni wkhtmltopdf, zana nyingine ya kugeuza HTML kuwa PDF, ambayo bado naikuta kwenye seva nyingi. Toleo 0.12.6 lilitoka 2020, na hazina ya msimbo wake imefungwa tangu Januari 2023. Unaweza kuusoma tu. Ukiipa HTML iliyoandikwa na mtu usiyemjua, anaweza kuituma seva yako igonge anwani za mtandao wa ndani ambazo yeye mwenyewe asingezifikia. Zana nyingine za kazi hii pia zinaweza kuwa na hatari hiyo, lakini hii haina tena fundi wa kuziba tundu.

Mkirudi kwenye mada hii, tafadhali zijaribuni zana hizo kwenye seva yenye GB 1 ya kumbukumbu, kwa maombi 50 kwa mpigo, kisha mtuandikie ipi ilibaki imesimama.

Mtunza seva