Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hisabati ya Mwalimu Tarajali

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu ninawasilisha taarifa ya mwaka. Masuala ya fedha na ya uanachama yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, ambazo mmekwishagawiwa, kwa hiyo sitayarudia. Nitaeleza kazi moja iliyochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu, yaani Hisabati anayofundishwa chuoni mwalimu tarajali wa shule ya msingi na wa madarasa ya mwanzo ya sekondari.

Mwanachuo anayetujia amesoma Hisabati kwa Kiingereza kwa miaka minne ya sekondari, mara nyingi akiwa na alama asizopenda kuzitaja, na akihitimu atakwenda kuifundisha kwa Kiswahili. Sisi wakufunzi tumezoea kuchukulia kwamba maudhui anayo tayari, tukamalizia muda kwenye mbinu, maandalio ya masomo na zana za vizibo na vijiti. Wajumbe waliofuatilia mazoezi ya kufundisha wamerudi na maelezo yanayofanana: zana zipo, andalio limejazwa vizuri, lakini mwanafunzi akiuliza "kwa nini?" mwalimu huirudia kanuni ileile kwa sauti ya juu zaidi.

Chukueni MAGAZIJUTO, kifupisho cha mpangilio wa matendo (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), ambayo sote tuliikariri utotoni. Anayeifuata herufi kwa herufi katika 10 − 3 + 2 atajumlisha kwanza na kupata 5, ilhali jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto. Kwa upande wa kugawanya na kuzidisha kifupisho hicho hakimponzi mtu, maana kutanguliza kugawanya hakubadili jibu, na huenda ndiyo sababu kasoro yake haigunduliki upesi. Ninakiri kwamba nami niliifundisha hivyo hivyo hadi mwanachuo mmoja aliponisahihisha mbele ya darasa.

Kugawanya kwa sehemu, yaani kwa namba kama ½, ndiko kulikotushughulisha zaidi. Kupindua sehemu ya pili na kuzidisha wanakujua. Lakini ukiwaomba watunge swali la maneno la 1¾ ÷ ½, wengi huwagawia unga watu wawili, jambo ambalo ni kugawanya kwa 2, si kwa nusu. Swali linalofaa ni la mwenye duka: kilo moja na robo tatu za unga zitatoa pakiti ngapi za nusu kilo? Zitajaa tatu na kubaki robo kilo, na hapo ndipo ubishi unapozuka, kwa kuwa jibu ni tatu na nusu, wala si tatu na robo. Robo ile ya kilo ni nusu ya pakiti. Ubishi huo unastahili kipindi kizima, tena kwa Kiswahili.

Kwa hiyo kamati imeandaa rasimu ya kozi ya maudhui ambayo si marudio ya kidato cha nne, wala si Hisabati ya chuo kikuu iliyopunguzwa. Nchini Marekani, mapendekezo ya vyama vya hisabati ya mwaka 2012 yalimtaka mwalimu wa shule ya msingi asome Hisabati kwa saa za muhula (saa za darasani kwa wiki katika muhula mmoja) zisizopungua 12, na wa madarasa ya kati 24. Kipimo hicho hakituhusu moja kwa moja, na wanachama wanaosema ratiba yetu imejaa wana hoja. Rai yangu ni kwamba muda upunguzwe kwenye mbinu za jumla.

Wanafunzi walioanza darasa la tatu Januari 2024 chini ya mtaala mpya wa Tanzania wa elimu ya msingi ya miaka sita watamaliza mwaka 2027 pamoja na wenzao wa darasa la saba walio katika mtaala wa zamani wa miaka saba, hivyo makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Atakayewapokea atawafundisha kwa Kiingereza watoto waliozijua sehemu kwa maneno "kiasi" (namba ya juu) na "asili" (namba ya chini), na kwa sasa hatumwandai kwa kazi hiyo.

Rasimu imeambatishwa. Naomba mkutano uamue kama iwasilishwe Taasisi ya Elimu Tanzania. Sura ya jometri bado pungufu, na wajumbe wanaoiandika wanaomba wasaidizi wawili.