Mwache baba aimbe

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeisoma na machozi yamenitoka. Baba kukuuliza wewe ni nani, usiku halali, na wewe huna wa kukupokea. Pole sana. Mama naye, kwa maradhi hayo hayo ya kusahau (dementia), sasa ananiita kwa jina la marehemu dada yake.

Jumamosi baada ya alasiri tunakutana barazani kwa jirani, wagonjwa pamoja na sisi tunaowalea, tunaimba. Tunaanza na kasida, halafu nyimbo za vugo walizoimba harusini enzi za usichana wao. Ungemwona mama! Hakumbuki kama amekula, lakini juzi alishika pembe ya vugo na kijiti, akagonga, akatoa beti nzima bila kukosea, nasi tukamwitikia. Bibi mmoja asiyesema tena alianza kutikisa mabega, kisha midomo ikafuata.

Uingereza vikundi kama hivi vya kuimba na wagonjwa vipo tangu 2003. Na binti yangu, anayesomea uuguzi, alinisomea utafiti wa Ufini wa 2014: wagonjwa 89 na walezi wao, wengine wakaimba, wengine wakasikiliza muziki, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Kuimba na kusikiliza kuliwachangamsha wagonjwa, na kuimba kukawapa nafuu hata walezi. Hilo la walezi ndilo nataka ulisikie, maana wewe umejisahau kabisa. Saa ile ya kuimba simwoshi mama, simlishi, simkatazi kitu. Naitikia tu.

Maradhi hayaponi kwa wimbo, nisikudanganye. Jioni ile ile mama alinifukuza chumbani akidhani mimi mwizi. Lakini saa ile moja tuliipata.

Baba yako alikuwa msomaji wa maulidi, basi anza hapo. Usimuulize "unaukumbuka huu?", utamtia unyonge. Wewe anza, kwa sauti ya chini, polepole, umwachie nafasi aingie mwenyewe. Vipaza sauti achana navyo, kelele zinawavuruga. Na usimwimbishe mkiwa peke yenu ndani. Mwite yule jirani yako anayemuuguza mumewe. Watu wanne wanatosha.

Maulidi ya Msikiti wa Riyadha hapa Lamu yakishapita na msongamano ukapungua, mlete kwetu. Pandeni basi la asubuhi hadi Mokowe, huko bara panapopandwa boti za Lamu, nitawangoja gatini. Niandikie mapema ni kasida zipi anazipenda, tuzifanyie mazoezi.

Wasalaam,
Shoga yako