Namba tasa kubwa inayojulikana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namba tasa (yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) iliyotangazwa Oktoba 2024, ambayo baadhi ya watu huiita kubwa kuliko zote. Ni kubwa kuliko zote zinazojulikana tu, kwa kuwa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho.

Namba hiyo, iliyogunduliwa na Luke Durant wa Marekani, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, nayo ina tarakimu 41,024,320. Hata hivyo, mwanafunzi asiye na kompyuta anaweza kujua kwamba inaishia na 1: ukizidisha 2 kwa 2 mfululizo, tarakimu za mwisho hujirudia 2, 4, 8, 6, na kipeo chetu kikigawanywa kwa 4 hubaki 1, hivyo jibu huishia na 2 kabla ya kutoa 1. Kipeo chenyewe nacho ni namba tasa, sharti la lazima ili namba ya aina hii iwe tasa, lakini lisilotosha, maana 11 ni tasa ilhali 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2,047, yaani 23 mara 89.

Wanaodai kwamba namba hii kubwa inalinda fedha zetu benki wanatia chumvi, kwani kazi hiyo hutosheka na namba tasa zenye tarakimu mia chache. Mimi huvutiwa zaidi na jambo hili: ukiizidisha kwa 2 yenye kipeo cha 136,279,840, unapata namba kamilifu, iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kama 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3.

Mwalimu wa hisabati,
Tanga