Risala ya Wakulima wa Mwani wa Jambiani, Zanzibar, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Bwana Sheha,
Wazee wetu, wavuvi na waalikwa wote,

Assalaam aleykum.

Tunakushukuru kwa kukubali kukaa nasi hapa juani. Ukumbi upo, lakini tulitaka uione bahari yenyewe. Leo ni bamvua. Saa nne hii maji yameshakupwa, na yaliyobaki mashambani kwetu hayafiki magotini. Ukitia mguu utadhani kuna mtu ameyateleka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilimo hiki kilianzia hapa Jambiani na kwa jirani zetu wa Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kwa mwani mama zetu walisomesha watoto na kuezeka bati. Lakini mwani mnene, huo wenye bei, hauwezi joto. Tawi linapauka, linalainika, kisha linakatika na kwenda na maji. Unarudi shambani unakuta kamba tupu na taitai tupu, vile vikamba vya kufungia mbegu. Tumebaki na mwembamba, mzito mgongoni, mwepesi mkobani.

Joto hilo hilo ndilo lililopausha matumbawe mwaka 1998, na tena 2016. Tumbawe hulishwa na vijimea vinavyoishi ndani yake. Maji yakizidi moto vinatoka, nalo linabaki jeupe kama mfupa. Joto lisiposhuka, linakufa. Mwamba ule wa matumbawe unaouona mawimbi yakivunjikia ndio ukuta wetu. Ukimomonyoka, wimbi litaingia mpaka mashambani, na pweza atakosa shimo.

Hatutaki kusingizia joto kila kitu. Majuya, zile nyavu zinazokokotwa juu ya matumbawe, yanatoka majumbani mwetu, na samaki wake tunawala. Sisi wenyewe tuliwahi kung'oa majani ya bahari ili tusafishe viwanja vya mwani, kumbe ndimo wanamojificha tasi na changu wadogo. Taitai zikikatika tulikuwa tunaziacha zende na maji. Siku hizi tumekubaliana kuziokota, ingawa, tuseme kweli, si wote tunaotimiza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwani mnene bado unakua ukipandwa kwenye kina, ambako maji yana ubaridi. Huko hakuendeki kwa miguu. Tunaomba boti moja na mashine yake, nyavu za mfuko za kutilia mbegu, na mwalimu wa kuogelea. Hilo la mwisho tafadhali msilicheke. Katika wanawake 32 wa kikundi hiki, wanaojua kuogelea ni wawili, na mimi ninayesoma si mmoja wao. Mwalimu huyo tungependa awe mwanamke, ili waume zetu wasipate la kusema.

Tunaomba kuwasilisha. Viatu vya mpira tumekuwekea pale chini ya mkungu, maana huko kuna vinavyochoma. Maji hayachelewi kurudi, kwa hivyo kama utaridhia, twende shambani kwanza, chai baadaye.