Sukuma kwenye ardhi ya matumbawe

Likoni, mwezi wa tatu

Mwanaisha mwandani wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Barua yako ya kuuliza jinsi ya kupanda sukuma nimeisoma, na la kwanza: usisie mbegu sasa. Jua la kaskazi bado kali. Ngoja katikati ya mwezi wa nne, ili miche ihamie shambani kuanzia katikati ya mwezi wa tano, kusi imeshashika na joto limepungua. Dukani uliza aina ya Georgia, inastahimili joto.

Kazi kubwa kwa uwanja wenu wa Kisauni ni ardhi. Ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe, na maji hayakai. Kila shimo la kupandia mche lipate upana na kina cha futi 1. Chini tandaza makumbi ya nazi yaliyolowekwa, yanahifadhi unyevu, kisha jaza udongo karai 2 kwa karai 1 ya samadi iliyooza kabisa. Mbolea mbichi ya kuku iache, inaunguza mizizi.

Jirani atakushauri umwage jivu la jikoni. Kwako hapana, tafadhali. Matumbawe yenyewe ni chokaa, na jivu linazidisha hali hiyo ya chokaa hadi mmea ushindwe kufyonza madini ya chuma. Utaona majani machanga ya juu yamekuwa manjano, mishipa yake ikibaki kijani. Yakiwa manjano yale makuukuu ya chini, hiyo ni njaa ya naitrojeni, nayo dawa yake ni samadi zaidi.

Kitaluni fukia mbegu sentimita 1, mistari ipishane sentimita 15, na ufunike kwa makuti mpaka zichipue. Baada ya wiki 4 hadi 5, mche ukiwa na majani 4 au 5, hamisha jioni, sentimita 45 mche hadi mche na 60 mstari hadi mstari. Ukiibana, majani hudumaa na wadudu hujificha.

Vidukari hukaa chini ya jani, hasa pale kwenye moyo, wamejazana rangi ya kijivu na jani linajikunja. Geuza majani kila baada ya siku chache. Wakiwa wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, twanga gramu 50 za kokwa za mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita 1 ya maji, chuja, tia sabuni kidogo, unyunyize jioni ukianzia upande wa chini. Dawa hii hupunguza pia viwavi vidogo vya kijani vinavyotoboa majani.

Kuchuma kunaanza wiki 6 hadi 8 baada ya kuhamisha. Chuma majani ya chini, ukivunja kikonyo karibu kabisa na shina, kwa sababu kijiti kinachobaki huoza. Acha majani 5 au 6 juu. Machipukizi ya ubavuni yang'oe, yanakula nguvu ya mmea. Yenye afya unaweza kuyapanda yakawa miche.

Imebaki habari ya kisima. Yaonje maji yake. Yakiwa na chumvi, kingo za majani zitakauka, kwa hiyo miche uipe ya mfereji au ya mvua, na mimea mikubwa umwagie shinani tu, si juu ya majani. Niandikie ladha yake kabla hujanunua mbegu.

Wasalaam,
Mwandani wako