Ukinunua biashara Kenya, kagua na madeni yake

Mhariri,

Mchezo huu umezoeleka. Kampuni inalemewa na madeni, mwenyewe anasajili nyingine, stoki na wafanyakazi wanahamia huko, na aliyeleta bidhaa kwa mkopo akija kudai anajibiwa, "Hiyo ilikuwa kampuni ya zamani." Au mgeni ananunua duka, mkataba unasema madeni yote ni ya muuzaji, basi naye anatulia.

Asitulie. Chini ya Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500, anayepokea biashara huyabeba madeni yake hata kama wawili hao wameandikiana vingine, ila tu ilani iwe imechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida. Ilani hutaja biashara yenyewe, majina na anwani za pande zote mbili, tarehe ya kuhamisha, na iwapo mpokeaji anayachukua madeni au la. Hutangulia makabidhiano, ili wadai wajitokeze mapema. Ukishachukua funguo ndipo uikumbuke, umechelewa. Kile kifungu cha mkataba kitakusaidia tu kumfuata muuzaji akurudishie ulicholipa, kama bado anapatikana.

Kwa anayenunua hisa, ilani haimfai kitu: kampuni ni ile ile na deni lake liko pale pale.

Kodi nayo ina njia yake. Kwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, mwenye deni la kodi akimhamishia mali ya biashara mtu aliye na uhusiano naye, mathalani kampuni yake nyingine, Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) inaweza kumdai huyo aliyepokea. Mashine na magari yakaguliwe pia katika sajili ya dhamana za mali inayohamishika iliyoanzishwa na sheria ya 2017, kwa sababu lori lililowekwa dhamana ya mkopo huuzwa pamoja na dhamana hiyo, na mkopeshaji anaweza kulifuata kwako.

Na mwenye kampuni? Neno "Limited" katika jina la kampuni humkinga asidaiwe madeni yake, lakini akiendesha biashara kwa nia ya kuwalaghai wadai, Sheria ya Ufilisi ya 2015 huiruhusu mahakama kumwagiza achangie kutoka mfukoni mwake. Wengi, hata hivyo, hawanaswi na ulaghai. Hunaswa na dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa wao wenyewe kampuni ikishindwa, waliyoitia sahihi benki wakichukua mkopo wa kampuni. Kuuza hisa hakuifuti dhamana hiyo. Muuzaji aidai benki barua ya kumwondolea dhamana kabla hajahamisha hisa hata moja.

Mshauri wa biashara,
Nakuru